Namba Nne Ana Mtu Wake

Enzi zetu pale Tunduma, upepo wa kabla ya mvua haukutanguliza ujumbe kwenye simu. Ulikuja wenyewe, kiangazi kinapokwisha, mashamba yakiwa makavu na vumbi limeshazoea kuingia kwenye mboga bila kukaribishwa. Kila mwaka ulichagua nyumba kadhaa za kuzivua kofia. Ninyi mliokulia upande ule mnakumbuka: asubuhi jirani anapiga mswaki chini ya paa lake, jioni anapiga mswaki akihesabu mawingu.

Sisi tulikaa pembezoni mwa mji, karibu kabisa na mpaka, kwa hiyo tulikuwa na tatizo letu la peke yetu. Upepo ule ulitoka mashariki, na magharibi yetu ni Zambia. Kilichopeperuka kwako saa nne, saa tano kilikuwa nje ya nchi, tena bila pasi na bila kukaa foleni na malori. Mama aliwahi kuanika shuka la maua, likaenda, na miaka miwili baadaye akaliona sokoni ng'ambo likiwa limefunika nyanya. Alilisalimia tu, akapita.

Baba yangu alikuwa fundi wa matairi ya malori, na aliamini hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa tairi. Watoto wakitaka bembea, tairi. Kuku wakikosa pa kunywea maji, nusu tairi. Paa likiwa jepesi, matairi ya kulikandamiza. Juu ya nyumba yetu yalikaa matairi kumi na moja, na madereva wageni walikuwa wakisimamisha malori kuuliza kama tunauza. Mabati yenyewe Baba aliyaandika jina la ukoo, SIMWINGA, kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye bodi la lori la mtu, kila bati kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka mbali.

Mama alimwuliza, "Baba Esau, kwani upepo unajua kusoma?"

"Upepo haujui," Baba akajibu. "Anayeokota anajua."

Maandalizi mengine yalikuwa ya kila nyumba. Kiberiti kilifungwa kwenye mfuko wa plastiki, kuni zikaingia chini ya vitanda, mbegu za mahindi zikachanganywa na majivu na kufungiwa kwenye debe. Betri za redio zilizochoka tulizianika juani zipate nguvu, na zilipata kweli, za kutosha taarifa ya habari na nusu ya wimbo mmoja. Vyeti vyote vya nyumbani, vya ubatizo, vya ndoa na cha Baba cha darasa la saba, vilikaa kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Hadi leo cheti changu cha ubatizo kinang'aa.

Lakini Baba hakuridhika na hayo. Yeye alitaka mazoezi. Kila Jumamosi ya mwezi wa kumi, wakati watoto wenzetu wanacheza rede, sisi tulikuwa jeshi. Baba alitundika rimu ya lori kwenye nguzo uani, na akiigonga kwa nyundo ilikuwa na maana kwamba upepo umefika, hata kama jani halitikisiki. Hapo kila mtu alipaswa kuchukua kitu chake kimoja na kukimbilia kwenye kontena bovu alilolifanya karakana, kwa sababu, alisema, kontena limetoka bandarini hadi hapa juu ya lori, halitashindwa na upepo wa Tunduma. Nyuma ya mlango wa sebuleni aliandika orodha kwa chaki:

1. Redio – Esau
2. Debe la mbegu – Mama
3. Kopo la vyeti – Baba
4. Bibi – Skola

Skola ndiye mimi. Nilikuwa na miaka tisa, miguu kama vijiti vya kuokea mahindi, nikapewa Bibi, mama yake Baba, mwanamke mwenye mwili wake. Esau kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mbili na mabega ya kubeba gunia, alipewa redio. Nilipolalamika Baba alisema Bibi ana miguu, redio haina.

Bibi naye alikuwa na malalamiko yake. Alisimama mbele ya ule mlango, akasomewa orodha mara mbili.

"Kwa hiyo mimi nakuja baada ya kopo," alisema.

"Mama, si kwa ukubwa. Ni kwa mpangilio tu," Baba akajitetea.

"Nimesikia. Redio, debe, kopo, halafu aliyekuzaa."

Na alilipiza kisasi kwenye mazoezi. Rimu inagongwa, wote wanatimka, mimi namkimbilia Bibi chumbani kwake na kumshika mkono. Bibi anainuka taratibu kama kinyonga aliyeamka vibaya. Anafika mlangoni, anasimama. "Ngoja kwanza, Skola, natafuta kikopo changu cha ugoro." Tunarudi. Tunainua mto, tunakung'uta blanketi, tunachungulia chini ya kitanda alipokuwa kuku wetu mwekundu akitagia. Kikopo hakipo. Baba anapiga kelele kule nje kwamba tumeshakufa zamani. Mwishowe kikopo kinaonekana: kipo kwenye kiganja cha Bibi, kile kile nilichokuwa nimekishika. Ilitokea Jumamosi hii, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Nilidhani ni uzee.

Siku yenyewe ilipofika haikuwa ya mazoezi. Ilikuwa mchana wa Jumamosi ya mwezi wa kumi na moja. Mimi nilikuwa katikati nakwepa mpira wa rede, mpira wa soksi na mifuko, nikiwa nimebaki peke yangu kuwakomboa wenzangu. Nikaona upande wa mashariki mbingu imekuwa nyekundu kama ukuta wa tofali za kuchoma, na ukuta wenyewe unatembea. Kisha nikasikia rimu, safari hii ikigongwa na mtu asiyetania.

Nilikimbia. Niwaeleze ukweli kwamba nilikimbia kuelekea chumbani kwa Bibi, nia yangu ilikuwa safi. Lakini mlangoni vumbi lilinipiga usoni, mabati yakaanza kulia juu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni yule kuku mwekundu ametoa kichwa chini ya kitanda, ananitazama. Sijui alinitazamaje. Nilimkumbatia pamoja na kapu lake na mayai yake kumi, nikageuka bila hata kuangalia kitandani, nikatoka mbio hadi kwenye kontena huku nikijisikia shujaa.

Baba alifunga mlango wa kontena akaanza kuita orodha.

"Redio?"

Esau alifungua kiganja. Alikuwa na betri mbili, zile za kuanika juani.

"Mbegu?"

Mama aliangalia mikononi mwake kwa mshangao. Alikuwa amebeba sufuria ya maharage, bado yanachemka. Baba akatafuta kopo la vyeti, akakuta ameshika ile nyundo ya kugongea rimu.

"Mama?" aliuliza, akimtafuta Bibi.

Kuku alilia kok. Baba alinitazama, na sura ile sijaisahau, kwa sababu haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Hapo nikaelewa nilichofanya.

Baba alifungua mlango, na tukaona kwa macho yetu bati la juu ya chumba cha Bibi likiinuka upande mmoja, likasita kama mtu anayeaga, kisha likaondoka na tairi lake. Tairi lilishuka kwenye viazi vya jirani. Bati likaendelea na safari, jina la ukoo likionekana vizuri kabisa, likapita juu ya mpaka. Baba alikimbia ndani na mimi nyuma yake, nalia kwa sauti.

Bibi alikuwa amekaa kitandani chini ya mbingu. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani, vumbi limemfanya rangi moja na ukuta. Mapajani alikuwa na redio. Miguuni alikuwa na debe la mbegu, na kwapani kopo la vyeti. Yule mwanamke wa kinyonga alikuwa amezunguka vyumba vitatu kwa muda ambao sisi tulihitaji kubeba maharage. Katika nyumba nzima ndiye pekee aliyekuwa akisikiliza mazoezi.

"Namba moja hii hapa," alimwambia Baba. "Namba mbili hii. Namba tatu hii. Namba nne nikasema ana mtu wake, ngoja nimsubiri."

Kisha akaniona mimi, akamwona na kuku niliyekuwa bado nimemkumbatia. Akageuza uso. Afadhali angenichapa.

Siku zilizofuata mtaa ulijirudisha wenyewe, kama kawaida ya wakati ule. Hakuna aliyeitisha mkutano. Waliopona walipika, waliovuliwa paa walikula. Wanaume walipita na mabati ya watu wakiuliza "la nani hili?", na sisi watoto tulikaa juu ya mawe tukinyoosha misumari iliyopinda, kila mtu na kidole chake kilichovimba. Jirani alirudisha tairi, akafidiwa viazi vyake kwa maharage yale yale. Kitu kimoja tu hakikurudi: bati la Bibi. Baba alifunika chumba chake kwa turubai la lori, na turubai lile lilikuwa na matundu mengi kuliko chujio. Na mvua zilikuwa zinakuja.

Na Bibi hakusema nami. Alisema na kuku. "Kuku," alikuwa akisema mimi nikiwa nimesimama mbele yake na bakuli, "mwambie mwenzio uji umepoa." Au, "Kuku, wewe una bahati, wewe una mtu." Kuku hakuwahi kujibu, na mimi sikujua kama natakiwa kujibu kwa niaba yake. Nilikuwa nalia chooni ili nisionekane.

Wiki iliyofuata dereva mmoja alileta habari kwamba ameona jina letu ng'ambo, juu ya bafu. Baba alivaa shati la kanisani akavuka na Esau. Walirudi jioni mikono mitupu, isipokuwa chikanda, kile chakula cha Kizambia cha mizizi na karanga, kimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Kumbe yule mama ni wa ukoo," Baba alieleza, akikwepa macho ya Mama. "Amesoma bati, akasema, huyu Simwinga ni kaka yangu, mimi wa kike naitwa Namwinga. Tumehesabu babu, tumekutana kwenye babu wa nne. Ni dada yangu kabisa."

"Na bati?" Mama akauliza.

"Anasema bati la kaka ni bati la dada. Anasema ukoo wenyewe umempelekea. Amepata bafu lenye paa, la pekee mtaa mzima. Ningesemaje, Mama Esau? Ni shangazi ya watoto."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Akamkumbusha Baba maneno yake mwenyewe, kwamba anayeokota anajua kusoma, na Baba akasema ndiyo, amesoma. Bibi hakucheka. Alikuwa kwenye kigoda chake akisikiliza, akavuta ugoro, akapiga chafya mbili.

"Kuku," akasema, "mwambie aliyekuokoa afunge mkeka wangu. Kesho tunakwenda kulala chini ya bati letu."

Tulivuka Ijumaa asubuhi kwa miguu, mimi na mkeka kichwani na kigoda mkononi, Bibi mbele na fimbo, hakuna anayesema na mwenzake, na safari hii kuku hakuwepo wa kutusaidia. Shangazi Namwinga alitupokea kwa shangwe ya kweli. "Mwaiseni, mama, mwaiseni," alisema kwa Kibemba, akapiga magoti, akaleta munkoyo, togwa lao la mahindi na mizizi, baridi kwenye kikombe kikubwa. Bibi alikunywa, akashukuru, akauliza bafu liko wapi. Shangazi alidhani anataka kuoga. Akamwonyesha: kuta za mabanzi, sakafu ya mawe, na juu SIMWINGA, nyekundu, ikisomeka kinyumenyume kwa sababu bati lilipigiliwa kichwa chini.

Bibi aliingia, akatandika mkeka, akaweka kigoda, akakaa.

"Mama, hapa ni bafuni," Shangazi alisema.

"Naona. Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe. Bati umepewa na ukoo, kaa nalo. Ila mimi miaka yote nalala chini ya bati hili. Lilipo ndipo nilalapo."

Shangazi alicheka. Alicheka Ijumaa yote. Usiku alimbembeleza Bibi aingie ndani kwenye kitanda, Bibi akakataa, tukalala mule mule na mablanketi yake matatu. Jumamosi alicheka kidogo. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa, na vumbi la msimu ule mnalijua. Mtu akija na ndoo ya maji alimkuta Bibi amekaa mlangoni, mwenye furaha, anayependa mazungumzo, anayemuuliza habari za ukoo wake hadi maji yanapoa. Mume wa Shangazi alioga nyuma ya mgomba. Binti zake wawili walikwenda kuomba bafu kwa jirani, yule yule waliyekuwa wakimringia.

Jumapili kulipokucha, wote tisa walikuwa wamejipanga uani na taulo na ndoo, kengele ya kwanza ya kanisa imeshalia. Shangazi mwenyewe alikuwa kiongozi wa kwaya. Alisimama mbele ya bafu, nywele nusu zimesukwa.

"Mama," alisema kwa sauti iliyochoka, "wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Nipe, mwanangu," Bibi alijibu kutoka ndani. "Nianzie hapa karibu na beseni, pana unyevu."

Kisha nikamsikia Shangazi akiita wanawe walete nyundo. Bati lilishushwa kabla ya kengele ya pili. Bibi ndiye aliyesaidia kushika misumari, akanipa niinyooshe, nayo tukaiacha kama zawadi. Aliagana na kila mtu kwa kumbatio na kuwaambia wana nyumba nzuri, ila bafu lao linahitaji paa.

Tukarudi. Wana wawili wa Shangazi walitangulia na bati kichwani, likilia wongo wongo kila wanapopiga hatua, na Bibi na mimi tukafuata. Karibu na mpaka pana mtaro ambao kila mtu aliuruka. Bibi alisimama pale. Nami nikasimama, nikiangalia huku na huku kama kuna kuku wa kumtuma.

"Skola," alisema. "Nishike mkono, hapa pana shimo."

Nilimshika. Mtaro tuliupita, na sikumwachia hadi nyumbani, na yeye hakuuvuta mkono wake. Nililia njia nzima, naye alijifanya anaangalia malori. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano, bati likiwa limepigiliwa misumari ishirini na kuwekewa matairi mawili. Mbegu zilipandwa. Shangazi akawa shangazi wetu hadi leo, na kila mwezi wa kumi alituma salamu kuuliza bati lake linaendeleaje. Kuku aliangua vifaranga tisa, na Bibi akampa mmoja jina langu, yule mwenye mbio kuliko wote.

Siku hizi, ndugu zangu, mambo ni mepesi. Nyumba yangu ina bati la kisasa la msauzi, limekunjwa vizuri, halina jina la mtu, na tairi likiwekwa juu yake wanangu wangehama nyumba kwa aibu. Taarifa ya upepo inafika kwenye simu siku tatu kabla, wanaisambaza kwenye makundi yao wakiwa na vikatuni vya kulia. Upepo wenyewe ukifika hawakimbii, wanarekodi. Mwaka jana tangi la maji la jirani liliruka ukuta, na mwanangu wa pili alilifuata na simu akiliomba lirudie kwa sababu hakupata mwanzo. Wakiambiwa waokoe kitu, wanaokoa chaja. Nimewahi kuandika orodha kwa chaki nyuma ya mlango, wakaipiga picha, wakacheka, wakaifuta kwa sababu inachafua rangi.

Mwezi wa kumi na moja uliopita upepo ulikuja alasiri, ule wenyewe wa enzi zetu, mwekundu. Mimi nilikuwa chumbani, na magoti yangu siku hizi yana mawazo yao. Nilikaa kitandani nikasikiliza bati likilia. Simu ikatetemeka: *Mama uko salama?* Ikatetemeka tena, mtoto mwingine, maneno yale yale. Wote wawili walikuwa sebuleni, mlango wa tatu kutoka kwangu. Enzi zetu hatukuwa na simu ya kuulizia. Mtu alikuja mwenyewe, hata kama aliishia kuondoka na kuku. Sikujibu. Nilijifunika kitenge kichwani, nikaweka mikono mapajani, nikasema ngoja nimsubiri.

Miguu ikasikika koridoni. Alikuwa kitinda mimba wangu, Bahati, miaka kumi, chaja imening'inia shingoni, anahema. Alininyooshea mkono. "Mama, twende, twende haraka."

Mkono ulikuwa mdogo na una jasho. Niliushika. Tukafika mlangoni, nikasimama.

"Ngoja kwanza," nikamwambia, "natafuta kitenge changu."

Tukarudi, tukainua mto, tukakung'uta blanketi, tukachungulia chini ya kitanda. Alinishika muda wote.